Ruzuku kubwa inaisha baada ya miezi 14: huduma kwa familia zitaendeleaje?

Swali: Ninaratibu shirika dogo linalohudumia familia zilizo katika mazingira magumu. Tunazitembelea majumbani, tunatoa ushauri nasaha kwa wazazi, tuna chumba cha watoto baada ya masomo, na kuna mfuko mdogo wa dharura. Tuna wahudumu 5, msimamizi 1 na mhasibu wa nusu siku. Mfadhili mmoja hutoa karibu asilimia 70 ya bajeti, na ametuarifu kwamba mkataba utaisha baada ya miezi 14 na hautaongezwa. Bodi inataka tuanzishe biashara. Wengine wanasema tutume maandiko mengi ya kuomba fedha iwezekanavyo. Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu mratibu, miezi 14 inatosha, lakini si mirefu kama inavyoonekana kwenye kalenda. Tangu dokezo la kwanza la kurasa mbili lifike kwa mfadhili mpya hadi fedha ziingie benki, kwa kawaida hupita miezi 6 hadi 12. Kuna dirisha la maombi, maswali ya nyongeza, uchunguzi wa hesabu zenu, kisha mkataba unaohama meza moja hadi nyingine ukisubiri saini. Kwa hiyo maandiko yatakayoziba pengo lenu yawe yameshatoka mikononi mwenu ndani ya miezi 4 au 5 ijayo. Na hayataandikika vizuri kabla hamjajua jambo ambalo mashirika mengi ya ukubwa wenu hayalijui: kuihudumia familia moja kwa mwaka mzima kunagharimu kiasi gani. Mnajua mfadhili analipa kiasi gani, lakini hiyo ni hesabu nyingine, na pengo kati ya hesabu hizo mbili ndilo linalozimaliza huduma kimyakimya, hata miaka ambayo ruzuku ipo.

Bei halisi ya familia moja

Chukueni huduma moja kwanza, ile ya kutembelea majumbani, kwa sababu ndiyo inayokula muda mwingi wa watu. Anzieni na siku. Mwaka una siku za kazi 260. Toeni likizo siku 20, sikukuu 12, ugonjwa 6, mafunzo na vikao vya usimamizi 8. Zinabaki 214. Theluthi moja ya hizo huishia kwenye kuandika kumbukumbu, vikao vya mashauri (kesi za familia), kufuatilia rufaa hospitalini na polisi, na safari za bure ambako mama hakukutwa nyumbani. Siku za kukutana na familia uso kwa uso ni kama 143. Kwa ziara 3 kwa siku, mhudumu mmoja ana uwezo wa ziara 429 kwa mwaka, si zaidi.

Sasa familia yenye mahitaji makubwa. Ikitembelewa kila wiki kwa miezi 3, kila baada ya wiki 2 kwa miezi 3 inayofuata, kisha mara moja kwa mwezi hadi mwaka uishe, hizo ni ziara 13, 6 na 6, jumla 25. Gawanyeni 429 kwa 25: mhudumu mmoja anabeba familia 17. Wahudumu 5 wanabeba 85. Mkikuta kwenye daftari lenu kila mhudumu ana familia 40, basi wengi wa walioandikwa hawahudumiwi, wanahesabiwa tu. Ni vizuri mlijue hilo wenyewe kabla mfadhili mpya hajaligundua.

Hatua ya pili ni gharama. Mshahara wa mhudumu mmoja pamoja na michango ya kisheria tuuite 100. Fungu lake la mshahara wa msimamizi ni 26. Usafiri na simu 12. Pango na umeme 6. Kubadilisha kompyuta na vifaa vinavyochakaa 3. Fungu lake la mshahara wako mratibu, la mhasibu na la mkaguzi wa hesabu 21. Jumla 168. Mkigawanya kwa familia 17, kila familia inagharimu 9.9. Lakini bajeti nyingi zinazopelekwa kwa wafadhili huandika mshahara wa mhudumu peke yake, yaani 5.9 kwa familia, na kinachobaki huitwa "tutajua mbele". Katika mfano huu asilimia 40 ya gharama haina mlipaji. Kila familia mpya mnayoipokea inaongeza shimo la 4. Ndiyo maana shirika linaweza kusifiwa kwa kukua huku mishahara ikichelewa.

Tarakimu zenu zitakuwa nyingine, ila njia ni hiyohiyo. Ipeni muda. Muombeni kila mtu ajaze karatasi ya muda wa kazi kwa wiki 4 mfululizo, kwa nusu saa nusu saa, bila kuadhibiwa kwa ukweli atakaoandika. Karatasi hizo ndizo zitakazoonyesha msimamizi anatumia siku ngapi kwenye ziara na ngapi kwenye chumba cha watoto, na baadaye zitakuwa ushahidi wenu mbele ya mkaguzi. Kisha rudieni hesabu kwa kila huduma, moja moja. Mara nyingi huonekana kwamba ile inayopendwa sana na wageni wanaotembelea ofisi ndiyo inayokula fedha za nyingine.

Kuandika gharama pale zinapostahili

Wafadhili wakubwa huweka kikomo cha gharama za uendeshaji, yaani zile za shirika zima zisizo za huduma moja kwa moja. Ruzuku za Umoja wa Ulaya kwa kazi za nje ya nchi zake kwa kawaida huruhusu hadi asilimia 7 ya gharama za moja kwa moja. Serikali ya Marekani, kwa shirika lisilo na kiwango lilichokubaliana nayo, iliruhusu asilimia 10, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024 ikapandisha hadi asilimia 15. Wengi wakiona vikomo hivi huvunjika moyo na kuficha gharama. Msizifiche. Zihamisheni mahali pake.

Rudini kwenye mfano. Kati ya zile 68 zilizozidi mshahara, 47 zinahusiana na huduma yenyewe kabisa: msimamizi anayepitia mashauri, usafiri, chumba cha kukutania, kompyuta ya kumbukumbu. Hizo ni gharama za moja kwa moja na zina haki ya kuwa na mstari wake katika bajeti, zikiwa na maelezo ya namna mlivyozigawa. Gharama za moja kwa moja sasa ni 147. Zinazobaki kama uendeshaji ni 21, sawa na asilimia 14 ya 147. Mfadhili wa asilimia 15 anazimaliza zote. Mfadhili wa asilimia 7 analipa kama 10, na mnabaki na pengo la 11 kwa kila mhudumu. Hapo mna swali linalojibika: hizo 11 mara 5 zitatoka wapi? Si tena hofu isiyo na umbo.

Jambo moja msilifanye: kumwandikia mfadhili wa pili mstari uleule ambao wa kwanza ameshaulipia. Mshahara mmoja uliolipwa mara mbili ukigundulika, fedha hurudishwa na jina la shirika huharibika kwa miaka. Jengeni jedwali moja la kudumu: mistari ya gharama upande wa kushoto, wafadhili juu, na kila mstari ujumlike asilimia 100, isizidi.

Kila gharama ina fedha inayoifaa

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Bodi inaposema "tafuteni fedha", inazungumza kana kwamba fedha zote ni moja. Ruzuku ya mradi hupenda jambo jipya lenye mwanzo na mwisho. Haipendi kulipa pango la mwaka wa saba. Serikali hulipia huduma inayohesabika, kwa watu wanaojulikana, kwa bei inayojulikana, na hulipa kwa kuchelewa. Mtu mmojammoja anayechangia kila mwezi hulipa kidogo lakini bila masharti, kwa hiyo mchango wake una thamani kuliko ukubwa wake. Kampuni na taasisi za dini hutoa kwa urahisi zaidi vitu na dharura. Mkizipanga gharama zenu kwa jinsi hii, mtaona kwamba kazi ngumu zaidi ni ile sehemu ndogo isiyo na mvuto: mhasibu, ukaguzi, ulinzi wa mtoto, mratibu. Tafuteni fedha zisizo na masharti kwa ajili ya hiyo, na mzilinde zisiliwe na kitu kingine.

Mtaambiwa pia kwamba dawa ya kumtegemea mfadhili mmoja ni kuwa na vyanzo vingi vya kila namna. Hiyo ni nusu ya kweli. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2007 uliangalia mashirika 144 yaliyoanzishwa tangu mwaka 1970 na kukua hadi mapato ya dola milioni 50 au zaidi kwa mwaka, ukakuta mengi yalipata sehemu kubwa ya fedha zao kutoka aina moja ya chanzo, ama serikali, ama watu binafsi, ama kampuni. Kilichowasaidia ni kuijua aina hiyo vizuri, kisha kuwa na walipaji kadhaa ndani yake. Ninyi ni wadogo mno kuliko hao, lakini somo linawahusu zaidi: mratibu mmoja na mhasibu wa nusu siku hawawezi kuendesha kampeni ya wachangiaji, biashara, zabuni za serikali na maandiko 12 kwa mwaka mmoja. Chagueni chanzo kikuu kimoja na cha pili cha kukisaidia.

Na wawe walipaji wasioanguka pamoja. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90 na kutoa amri za kusitisha kazi, na ilipofika tarehe 1 Julai 2025 shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha kuendesha miradi. Mwezi Februari mwaka huohuo Uingereza ikatangaza kupunguza misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Mashirika yaliyokuwa na wafadhili watatu tofauti, wote wakipokea fedha kutoka chungu kimoja, yaligundua kwamba yalikuwa na mfadhili mmoja. Muulizeni kila mfadhili wenu fedha zake hutoka wapi.

Kabla ya mfadhili mpya, yupo huyu anayeondoka

Watu huona aibu kurudi kwa mfadhili aliyesema anaondoka. Rudini, mwezi huu, mkiwa na maombi manne mahususi. Kwanza, kama kuna fedha hazijatumika, ruhusa ya kurefusha muda bila kuongeza fedha, hata kwa miezi 3. Pili, ruhusa ya kuhamisha mistari: asilimia 5 hadi 10 ya kilichobaki ihame kutoka kwenye shughuli kwenda kwenye kazi ya kutafuta fedha na kuandaa hesabu. Tatu, ruzuku ndogo ya kuagana, yenye kushuka kwa ngazi badala ya kukatika: kwa mfano asilimia 40 ya kiwango cha sasa kwa mwaka wa kwanza, 20 kwa wa pili. Nne, na hili halimgharimu kitu, barua ya ushuhuda na utambulisho kwa wafadhili wenzake. Mfadhili anayeondoka hataki kuonekana ameacha familia njiani. Huenda akakubali baadhi ya hayo manne. Maombi yote yaandikwe kabla miezi 6 ya mwisho haijaanza, maana baada ya hapo afisa wenu huenda ameshapangiwa kazi nyingine.

Serikali

Kwa huduma za familia, mlipaji pekee anayeweza kukaa miaka 20 ni serikali, kuu au ya mitaa. Njia ni ndefu, na ndiyo maana huanzwa mapema. Mpango wa wauguzi kuwatembelea akina mama wa uzazi wa kwanza ulianza kujaribiwa Elmira, jimbo la New York, mwishoni mwa miaka ya 1970 chini ya David Olds, ukiwa na akina mama 400. Sheria ya Marekani iliyotenga fungu la taifa kwa ajili ya kutembelea majumbani ilikuja mwaka 2010. Kilichoubeba mpango huo miaka yote hiyo ni kwamba huduma yake ilikuwa na umbo lisilobadilika: muuguzi mmoja, familia zisizozidi 25, ziara zenye ratiba, na kumbukumbu za watoto zilizofuatiliwa hadi ujana. Afisa wa bajeti aliweza kusema ananunua nini.

Hata fungu la serikali likishapatikana, linaweza kupotea. Uingereza ilianzisha vituo vya Sure Start kwa familia zenye watoto wadogo kuanzia mwaka 1999. Fedha zake zilikuwa zimetengwa zisitumike kwa kitu kingine. Mwaka 2011 ulinzi huo ukaondolewa, fedha zikachanganywa katika fungu pana la serikali za mitaa lililokuwa likipungua, na mamia ya vituo vikafungwa katika miaka iliyofuata. Utafiti mkubwa ulioonyesha kwamba vituo hivyo vilipunguza watoto kulazwa hospitalini ulitoka mwaka 2019, vingi vikiwa vimeshafungwa. Kwa hiyo mnapozungumza na serikali, ombeni kasma (mstari wa bajeti) yenye jina la huduma yenu, au angalau ya kutembelea familia, isiwe sehemu ya "shughuli nyingine za ustawi".

Kwa vitendo: ulizeni vikomo vya bajeti vya idara husika huwekwa mwezi gani. Mara nyingi ni miezi 6 hadi 9 kabla ya mwaka wa fedha kuanza. Ukifika baada ya hapo unaomba fedha ambazo zimeshagawanywa. Mtafuteni afisa anayeandaa rasimu, si kiongozi anayeisoma tu. Mpelekeeni karatasi moja yenye mambo manne: familia ngapi, bei kwa familia, mtoto akiondolewa nyumbani na kupelekwa makao hugharimu serikali kiasi gani kwa mwaka, na mnaomba nini mwaka huu. Gharama ya makao waitoe wao wenyewe kutoka vitabu vyao. Tarakimu yao hawatabishana nayo. Kama fedha hazipo, ombeni kitu ambacho hakihitaji fedha mpya: afisa ustawi wa jamii aliyeazimwa siku 2 kwa wiki, chumba katika jengo la umma. Hayo hupunguza bei ya familia moja mara moja na hukifanya chombo cha serikali kuwa mshirika kabla hakijawa mlipaji.

Tahadhari: bajeti iliyopitishwa si fedha iliyotoka. Angalieni kumbukumbu za miaka 2 iliyopita, ni asilimia ngapi ya fungu hilo ilitolewa na kwa robo ipi. Kama hulipa nusu, na hulipa robo ya mwisho, msiandike zaidi ya nusu katika mpango wenu, na msiajiri mtu kwa fedha hizo pekee.

Kuhusu biashara ambayo bodi inaitaka

Pengo la 68 kwa mhudumu, mara 5, ni 340. Biashara ndogo inayobakiza faida halisi ya asilimia 10, baada ya mishahara, kodi na hasara, italazimika kuuza kwa 3,400 kwa mwaka ili kuziba pengo hilo. Gharama yote ya kutembelea familia 85 ni 840. Kwa maneno mengine, mnatakiwa kuendesha duka lenye ukubwa mara 4 wa huduma hiyo yenyewe, kwa mtaji ambao hamna, ndani ya miezi 14, huku biashara nyingi mpya zikiwa hazijaanza kurudisha mtaji kwa muda huo. Mtaji wenyewe utatolewa wapi? Karibu kila mara hutolewa kwenye fedha za familia. Nawasihi msiufuate mpango huu. Walete wajumbe wa bodi mezani na hesabu hii, si na maoni.

Kinachofaa ni kuuza kile mnachokijua tayari bila mtaji mpya: kuwafundisha wahudumu wa mashirika mengine, kusimamia mashauri kwa mkataba, kukodisha ukumbi saa msizoutumia. Hizi hulipa kidogo, labda asilimia 5 hadi 10 ya bajeti, lakini ni fedha zisizo na masharti. Kuzitoza familia ada ni jambo jingine. Hata ada ndogo huwafukuza kwanza wale mliowakusudia. Na vikundi vya kuweka na kukopa, kama mnavyo, fedha zao ni za wanachama. Huziimarisha familia zisirudi kwenu na dharura ileile, na hiyo ni faida kubwa, lakini zisiandikwe popote kama mapato ya huduma.

Wachangiaji wa kila mwezi

Fungu hili hujengwa polepole. Mwaka wa kwanza lisihesabiwe kuleta ziada. Watu 100 wanaotoa kiasi kidogo kila mwezi kwa malipo yanayojirudia yenyewe ni bora kuliko hafla moja kubwa, kwa sababu hafla hula theluthi au nusu ya mapato yake na miezi 2 ya akili za watu. Shukrani iende ndani ya siku 2. Taarifa ya ukurasa mmoja iende kila robo mwaka: familia ngapi zilihudumiwa, ngapi zilihitimu, nini kilikwama. Kila mwaka sehemu ya wachangiaji itaacha, pengine robo, kwa hiyo kuongeza wapya ni kazi ya kudumu yenye mtu anayewajibika nayo kwa siku moja kila wiki.

Msitumie sura za watoto na majina ya familia kuwavutia. Idhini ya mama anayesubiri kodi yake ilipwe na ninyi si idhini huru. Elezeni kazi, si jeraha la mtu: mhudumu hufanya nini katika ziara ya kwanza, kwa nini mzazi huanza kusema baada ya ziara kadhaa tu. Wachangiaji wanaokaa muda mrefu huvutwa na hayo.

Fedha ziko kwenye akaunti lakini si zenu

Mashirika mengi hayafi kwa kukosa ruzuku. Hufa kwa mtiririko wa fedha. Mfadhili A amechelewesha awamu, mishahara imefika, akaunti ina fedha za mfadhili B za mfuko wa dharura. Zinaazimwa "kwa wiki mbili". Kisha awamu ya A inakataliwa kwa sababu ya risiti pungufu, na B anatuma mkaguzi. Zuieni hili kwa njia mbili. Moja ni jedwali la mtiririko wa fedha la miezi 12, linalosahihishwa kila mwezi, lenye fedha za kila mfadhili katika safu yake, na safu ya pekee ya zisizo na masharti. Nyingine ni akiba. Lengo la kawaida ni miezi 3 hadi 6 ya gharama, lakini msianze na lengo hilo, litawakatisha tamaa. Anzeni na gharama ya kufunga kwa utaratibu: notisi na mafao ya wafanyakazi, notisi ya pango, ukaguzi wa mwisho, na miezi 3 ya wahudumu 2 wa kukabidhi mashauri. Tarakimu hiyo iandikwe katika kumbukumbu za bodi, na kila mwaka asilimia 3 hadi 5 ya mapato yasiyo na masharti iingie humo. Bodi iamue pia ni nani anaweza kuigusa na kwa sababu ipi.

Mkitoa huduma kwa mkataba unaorudisha gharama baada ya kazi, kumbukeni kwamba ninyi ndio mnaomkopesha mlipaji. Mkataba wa namna hiyo unaohitaji miezi 4 ya kutanguliza gharama, kwa shirika lisilo na akiba, ukataeni au mwombe malipo ya awali ya asilimia 30.

Ushahidi, kwa kiasi mnachoweza kukibeba

Viashiria 4 vinatosha: familia zilizomaliza mpango, watoto waliobaki salama nyumbani, mahudhurio ya shule, na dharura zilizojirudia. Pimeni siku familia inapoingia, inapotoka, na miezi 6 baadaye. Kipimo hiki cha tatu ndicho kinachokosekana karibu kila mahali, na ndicho walipaji makini hukiulizia. Andikeni pia walioacha katikati na sababu zao. Taarifa isiyo na hata familia moja iliyoshindikana haiaminiki. Kuhusu wafadhili wenyewe, badala ya maandiko mengi, chagueni 8 ambao tayari hulipia huduma za familia, kwa kiwango kinacholingana na chenu, na muwapigie simu kabla ya kuandika. Andiko zuri huchukua siku 8 hadi 15 za kazi. Ishirini za haraka zitamaliza muda wa mratibu na kurudi mikono mitupu.

Kama fedha hazitatosha

Wekeni sasa, mkiwa watulivu, tarehe ya uamuzi: mwezi wa 9 kutoka leo. Siku hiyo hesabuni fedha zenye mkataba uliosainiwa tu, si ahadi. Kama zinafika asilimia 60 ya bajeti, endesheni huduma ya wahudumu 3 na familia 51, kwa ubora uleule. Msibaki na wahudumu 5 mkimfuta msimamizi na usafiri. Mhudumu asiye na msimamizi hukaa na mashauri ya ukatili peke yake, huchoka, hukosea, na anayeumia ni mtoto. Chumba cha watoto, kama ndicho chenye gharama kubwa kwa kila mtoto, huenda kikahamia kwa shule au nyumba ya ibada yenye nafasi.

Kupokea familia mpya kusimame miezi 4 kabla ya ruzuku kuisha, isipokuwa zenye hatari ya haraka. Wahudumu wapange familia zote katika makundi 3: zinazoweza kuhitimu ndani ya miezi 3, zinazoweza kuendelea kwa ziara ya mwezi, na zile ambazo kuziacha kutamweka mtoto hatarini. Kundi la mwisho ndilo linaloshika fedha za kwanza mlizonazo. Kila familia inayokabidhiwa kwingine ielezwe na mhudumu wake mwenyewe, uso kwa uso, angalau wiki 8 kabla. Jalada liende kwa idhini yake ya maandishi, na ziara ya kwanza ya mhudumu mpya ifanywe na wote wawili pamoja.

Tarehe hiyo ya uamuzi ipelekwe kwenye kikao kijacho cha bodi, pamoja na hesabu ya 168.